Shajara ya Mradi: Kupanga Bei na Kujenga Jina la Fundi Mpya wa Magitaa, Keko

4 Machi 2024: Bei ya kwanza

Shajara hii inahusu jambo ambalo mafundi wenzangu huniuliza zaidi ya wanavyouliza namna ya kukunja mbao, yaani gitaa liuzwe kwa shilingi ngapi, na fundi asiyejulikana ampate wapi mteja wa kumwamini. Karakana iko Keko, Dar es Salaam, katikati ya mafundi wa vitanda na makabati, na mimi mwenyewe nimetokea kwenye fanicha. Magitaa ya kujifunzia siyaingizi humu. Kumbukumbu zinaanzia kwenye mawili ya kwanza yaliyotengenezwa ili yauzwe, yote ya akustiki yenye nyuzi za chuma, na urefu wa uzi wa milimita 648 kutoka kichwani hadi darajani, yaani kipande kinachozishika nyuzi usoni mwa gitaa.

Vifaa vya gitaa moja vimegharimu Sh 375,000. Ubao wa uso, ambao ni sprusi iliyoagizwa nje, umechukua Sh 95,000 pamoja na sehemu yake ya nauli na VAT ya asilimia 18. Mninga wa mgongo na mbavu Sh 60,000. Mkangazi wa shingo Sh 35,000. Mpingo wa ubao wa vidole na daraja, ambao ni vipande vilivyobaki kwa wachongaji wa Mwenge, Sh 30,000. Funguo za kukazia nyuzi Sh 45,000. Freti (vijiti vya chuma vya ubao wa vidole), nyuzi na chuma cha kurekebisha shingo Sh 70,000. Gundi, msasa na shelaki Sh 40,000.

Bei niliipanga kwa kutembelea maduka ya Kariakoo. Magitaa ya kiwandani niliyoyakuta yalikuwa kati ya Sh 180,000 na Sh 400,000, nami nikaona kuwa gitaa la mkono likizidi kidogo tu hakuna atakayelalamika. Nimeandika Sh 450,000 kwa kila moja na kuyatundika mbele ya karakana.

22 Aprili 2024: Bei ya chini haikuleta wateja

Watu wengi wamesimama kuyatazama, wachache wameyapiga, na aliyenunua ni mmoja. Mpiga solo mmoja mstaafu wa muziki wa dansi, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa, alikaa na gitaa la pili karibu saa nzima. Alipiga nyuzi wazi, kisha akashika freti ya kumi na mbili na kusikiliza kama sauti inalingana na nusu ya uzi, akarudia kwa kila uzi, halafu akaangalia ndani ya tundu kwa tochi ya simu. Alipolirudisha aliuliza, "Fundi, kama ni zima, mbona bei ya mtumba?" Nilimjibu kuwa natafuta jina kwanza. Akasema, "Sasa jina utalipata vipi kwa bei ya kujificha, kijana wangu?" Akaniaga bila kununua.

Mnunuzi wa duka la Kariakoo anajua anachokwenda kukipata, kwa sababu magitaa mia ya aina ileile yameshapita mikononi mwa watu anaowafahamu. Gitaa langu halina ndugu. Likiwekwa karibu na bei ya lile la kiwandani, mteja hulilinganisha na la kiwandani, na akikosa sababu ya kuamini kuwa ni bora huona kuwa ni kitu kilekile chenye hatari zaidi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii chema kisichowahi kusikika hakijiuzi, kinakaa ukutani kikikusanya vumbi la randa.

Kosa lililogharimu zaidi lilikuwa lile gitaa moja lililonunuliwa. Mwalimu wa kwaya ambaye tunafahamiana aliomba apunguziwe, nami nikampa kwa Sh 350,000, yaani chini ya gharama ya vifaa, nikiamini kuwa kwaya nzima italisikia na wengine watakuja kwa bei kamili. Kwaya ililisikia kweli, na walikuja kweli, lakini kila aliyekuja aliitaka "ile bei ya Mwalimu". Kuwaeleza kwamba ilikuwa bei ya urafiki kulionekana kama kuwabagua.

Utaratibu nilioufuata baada ya hapo, na ambao haujanisumbua tangu wakati huo, ni kwamba bei haipunguzwi ila kitu hupunguzwa. Anayetaka nafuu anaweza kuchukua gitaa bila begi gumu, au mgongo wa mkangazi badala ya mninga, au uso uliokosewa rangi mahali. Mteja hupata nafuu yake, na bei ya gitaa kamili hubaki ilivyoandikwa.

15 Juni 2024: Matengenezo kabla ya mauzo

Kwa kuwa mauzo yalisimama, karakana imekuwa ikiishi kwa kutengeneza magitaa ya watu wengine, na hapa ndipo jina limeanza kutoka. Sikulipanga hivyo, niliandika kibao cha matengenezo ili nilipe pango.

Kazi inayoletwa zaidi ni kuliweka gitaa sawa. Magitaa mengi ya bei nafuu hutoka kiwandani yakiwa na kidaraja cha kichwani chenye mifereji isiyochimbwa vya kutosha, hivyo uzi hukaa juu mno kwenye freti za mwanzo, na mpigaji akibonyeza kodi rahisi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) kama ya C sauti hupanda na kusikika kama gitaa halijatuniwa. Mwenye gitaa huhangaika na funguo miaka miwili, akidhani masikio yake ndiyo mabovu. Dawa yake ni kuichimba mifereji kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, kisha kushusha daraja mpaka uzi mnene uwe milimita 2.4 hivi juu ya freti ya kumi na mbili na uzi mwembamba uwe chini ya milimita 2, baada ya kunyoosha shingo. Natoza Sh 30,000. Vidaraja vya plastiki vilivyopasuka nabadilisha kwa mfupa wa ng'ombe kutoka machinjio ya Vingunguti, uliochemshwa kwa maji ya sabuni hadi mafuta yote yaishe. Usipochemshwa sawasawa utatoa harufu na kuchafua mbao.

Ubora wa kazi hii kwa fundi mpya ni kwamba mteja husikia tofauti palepale, kabla hajalipa. Gitaa jipya la Sh 450,000 humtaka aniamini kwa miaka mingi ijayo; tupa na mfupa humtaka aniamini kwa nusu saa. Wapigaji wa makanisani, ambao kwa sasa ndio wanunuzi wakubwa wa magitaa mjini kwa kadiri nionavyo kwenye milango ya karakana, hukutana kila wiki na huazimana vyombo, kwa hiyo gitaa moja lililowekwa sawa hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya mwezi kuisha.

Nimebandika ukutani orodha ya bei za matengenezo, iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Jirani zangu wa fanicha wameicheka, kwa sababu desturi ni kumtazama mteja kwanza ndipo utaje bei. Nimeiacha palepale. Mtu aliyekuta bei ya kidaraja imeandikwa haoni ajabu akikuta bei ya gitaa imeandikwa pia, na mjadala wa kupunguziwa huwa mfupi.

Gitaa la pili limeuzwa wiki hii kwa Sh 450,000, kwa mtumishi anayehamia Dodoma, ambaye mwanzo alileta lake la zamani lirekebishwe.

9 Septemba 2024: Ufa wa Dodoma

Gitaa lililokwenda Dodoma limerudi. Mwenyewe amelileta kwa treni ya SGR, ambayo imeanza kubeba abiria hadi huko mwezi wa saba, na amelibeba mapajani safari nzima. Uso umepasuka kutoka nyuma ya daraja hadi ukingoni, ufa ukifuata nyuzi za mti, na ncha za freti zimechomoza pande zote mbili za shingo kiasi cha kukwaruza kiganja.

Chanzo hakina utata. Hewa ya Dar es Salaam mara nyingi huwa na unyevu unaozidi asilimia 70 ya ule inaoweza kuubeba, na mbao iliyokaa katika unyevu wa asilimia 75 hubeba maji karibu asilimia 14 ya uzito wake mkavu. Ikihamia penye unyevu wa asilimia 45, maji hayo hushuka hadi kama asilimia 8. Sprusi yenye upana wa sentimita 39 hutaka kusinyaa takriban milimita 3 kwa mabadiliko hayo, ilhali fito zilizogundishwa ndani kwa kukatisha nyuzi za mti hazisinyai kwa urefu wake, hivyo uso hauna pa kwenda isipokuwa kupasuka. Ubao wa vidole nao umesinyaa, na freti kwa kuwa ni chuma zimebaki na urefu wake. Dodoma wakati wa kiangazi ni kipimo kigumu, lakini ni cha haki. Gitaa lililogundishwa Keko bila kukausha hewa lingepasuka vilevile Ulaya wakati wa baridi, ndani ya nyumba zenye vipasha joto.

Nimelitengeneza bila malipo: gundi ya ngozi ndani ya ufa, vipande vidogo vya sprusi vilivyobandikwa kwa ndani kukatisha ufa, ncha za freti kupigwa tupa. Nimempa pia ahadi iliyoandikwa kwamba likipasuka tena ndani ya miaka miwili nitabadilisha uso wote. Gharama ya vifaa ilikuwa ndogo sana, ila siku za kazi zilizopotea zimekula faida yote ya gitaa lile na zaidi.

Suluhisho la kwanza nililojaribu ni kabati la plaiwudi lenye balbu za kizamani zinazotoa joto, kwa Sh 85,000. Hesabu yake ni nzuri: hewa ya nyuzi joto 28 yenye unyevu wa asilimia 75 ikipashwa hadi nyuzi joto 36, unyevu wake hushuka chini kidogo ya asilimia 50 bila mashine yoyote. Mbao zilikauka vizuri. Tatizo ni kwamba kugundisha fito huchukua saa nyingi nje ya kabati, na ubao wa uso wenye unene usiofika milimita 3 huanza kunywa unyevu upya mara tu unapotolewa, kwa hiyo ulikuwa umepinda kabla gundi haijashika.

Kilichofaa ni kutenga chumba kidogo cha kugundishia, kuta zake zikiwa na nailoni nene nyuma ya plaiwudi, na ndani mashine ya mtumba ya kukausha hewa ya Sh 600,000. Kipima unyevu cha bei ndogo hakiaminiki mpaka kipimwe: kitie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa pamoja na kifuniko cha chupa chenye chumvi ya mezani iliyoloweshwa hadi iwe kama uji mzito, kiache usiku kucha, nacho kinapaswa kusoma 75. Changu kilisoma 68, na nimeandika tofauti hiyo juu yake kwa kalamu. Fito na migongo yote sasa hugundishwa chumbani humo unyevu ukiwa kati ya 45 na 50, nalo kabati limebaki la kuhifadhia mbao zinazosubiri.

18 Novemba 2024: Bei mpya

Nimeanza upya kwa kuuliza swali lililopaswa kuulizwa Machi: ningepata kiasi gani kama ningefanya kazi nyingine kwa siku hizohizo? Nikichukua kibarua cha fanicha hapa Keko hulipwa Sh 30,000 kwa siku. Magitaa mawili ya kwanza yalichukua zaidi ya siku 20 za kazi kila moja, na lile lililouzwa vizuri liliacha Sh 75,000 baada ya vifaa, kabla ya pango na umeme. Kitanda kimoja cha mninga kingeniachia zaidi.

Kalibu za kukunjia mbavu, na mtindo wa kutengeneza mawili kwa pamoja, vimeshusha kazi hadi kama siku 14 kwa gitaa. Hesabu ya sasa ni hii. Vifaa Sh 375,000. Kazi, siku 14 kwa Sh 30,000, ni Sh 420,000. Pango na umeme ni Sh 210,000 kwa mwezi, na sehemu ya siku hizo 14 ni kama Sh 115,000. Mashine ya hewa nimeigawa kwa magitaa 12, Sh 50,000 kila moja. Jumla ni Sh 960,000. Naongeza asilimia 5 ya kuweka kando kwa ajili ya waranti, yaani Sh 48,000, na asilimia 15 ya faida, Sh 144,000. Inatoka Sh 1,152,000, na kibao kinasema Sh 1,150,000.

Kuruka kutoka Sh 450,000 hadi hapo kulinitia hofu, na nilitarajia kibao kichekwe na watu. Waliokuwa wakija kwa sababu ya unafuu wameondoka, ila hao hawakuwa wakinunua. Waliobaki huuliza maswali tofauti: je, likipasuka? je, litakuwa tayari lini? Kwa maoni yangu maswali haya mawili ndiyo bei yenyewe. Mteja wa Dar amezoeshwa na sisi mafundi kusikia "njoo kesho" mpaka kesho yenyewe imekuwa mzaha, na anapotoa malipo ya awali huhesabu moyoni kwamba sehemu ya fedha hiyo ameshaipoteza.

Kwa hiyo mkataba wa ukurasa mmoja umeandikwa. Nusu ya bei hulipwa mwanzo, na kutoka humo ndipo hununuliwa vifaa vya gitaa hilo peke yake. Kutumia advansi ya mteja mmoja kumaliza kazi ya mwingine ndiko kunakowafanya mafundi wakimbie simu. Tarehe ya kukabidhi imetajwa, na kila wiki ya kuchelewa hupunguza Sh 20,000 kwenye salio. Waranti ni miaka miwili kwa ufa, kufumuka kwa daraja na kupinda kwa shingo, ila si kwa gitaa lililoachwa kwenye gari juani, kwa sababu gundi hulegea kwa joto na nyuzi sita huvuta daraja kwa zaidi ya kilo 70. Ndani ya tundu nabandika karatasi yenye namba ya gitaa, mwezi, aina ya mbao na unyevu wa chumba siku ya kugundisha uso. Yule mpiga solo mstaafu aliyerudi kubadilisha freti alimulika tochi ndani ya gitaa lililokuwa mezani, akaisoma karatasi hiyo, akauliza namba ya unyevu ina maana gani. Alipoelezwa aliagiza la kwake, lenye shingo nyembamba kidogo.

Gitaa la oda ya kwanza kwa bei mpya lilichelewa kwa wiki moja, kwa sababu funguo za kukazia nyuzi zilikwama kwa wakala. Nilikata Sh 20,000 bila kuombwa. Tangu hapo funguo, nyuzi na freti hununuliwa kabla ya kuanza, na tarehe ninayoandika huongezwa wiki tatu juu ya ile ninayoiamini.

27 Januari 2025: Gitaa la kuazimisha, na mpingo

Gitaa moja limewekwa maalumu kwa kuazimishwa. Mpiga gitaa wa kanisa moja Kinondoni alikaa nalo wiki kadhaa, na oda mbili zimetokana na waliolisikia hapo. Baadaye lilikwenda kwa bendi ya hoteli ya ufukweni, ambako halikuleta oda hata moja na lilirudi na nyuzi zenye kutu na uso uliokwaruzwa na mkanda. Watazamaji wa hotelini hula chakula. Wa kanisani nusu yao ni wapiga vyombo. Litauzwa kwa Sh 800,000, na tofauti na bei kamili nimeiandika kama gharama ya matangazo.

Mteja anayeishi Ujerumani ameagiza gitaa lenye mgongo na mbavu za mpingo. Wanamuziki wa nje wanaufahamu mti huu kwa sababu ya zumari za klarineti na obo. Mbao pana za mpingo ni adimu, maana shina huwa jembamba na lenye mashimo, kwa hiyo mgongo umeungwa kwa vipande vinne. Tena mafuta yake huzuia gundi, hivyo kila kiungo hufutwa kwa spiriti muda mfupi kabla ya kugundishwa. Patasi zilinolewa kupita kiasi nilichozoea.

Upande wa karatasi umenichukua muda kuliko kukunja mbavu. Mpingo, kama sehemu kubwa ya jamii ya Dalbergia, uliingia Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuanzia 2 Januari 2017. Tangu 26 Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimetolewa katika sharti la kibali, ila mbao ghafi bado zimo, kwa hiyo fundi anaweza kusafirisha gitaa kwa njia nyepesi kuliko anavyoweza kusafirisha ubao uliolitengeneza. Hata hivyo nimenunua mpingo huu kwa muuzaji mwenye stakabadhi na nakala ya hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na nakala hizo zinaambatana na gitaa. Wapo wanaouza kwa nusu bei bila karatasi.

Bei ni Sh 1,900,000 bila usafirishaji. Rafiki mmoja alinishauri nimtoze mgeni mara mbili. Nimekataa, si kwa wema, bali kwa sababu bei zangu zimeandikwa ukutani na watu hupiga picha kuta; kilichozidi ni mpingo, siku za ziada na begi gumu, na kila kimoja kimetajwa kwenye mkataba wake.

14 Aprili 2025: Hali ilivyo

Matengenezo bado yanalipa pango na umeme wote, na sitayaacha hata oda zikiongezeka, kwa sababu wateja wengi wa magitaa mapya hadi sasa waliwahi kuleta la zamani au walitumwa na aliyeleta. Foleni ya oda imefika miezi minne. Kwa maagizo yatakayoingia kuanzia Juni bei itapanda hadi Sh 1,250,000, nalo tangazo limebandikwa tayari ili waliokuwa wakisitasita waamue kabla ya hapo. Bei inayopandishwa bila taarifa huonekana kama uchoyo.

Linalojaribiwa sasa ni uso wa saipresi iliyopandwa Lushoto, ambayo ingeshusha gharama ya ubao wa uso kutoka Sh 95,000 hadi kama Sh 20,000 na kumwezesha mpigaji asiyemudu bei ya juu apate gitaa kamili. Ubao wa kwanza ulikuwa na vifundo vilivyofichika na ulitupwa. Wa pili ni mzito kuliko sprusi, na fito zake nimezipunguza mara mbili mpaka uso ukaacha kusikika kama mlango unaobishwa. Umetiwa nyuzi wiki iliyopita. Nitaupeleka Dodoma ukae kiangazi chote kabla sijaandika bei yake ukutani.